Papa na Kanisa katika Dola za Wanamsalaba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikizungumzia Vita vya Msalaba na vijana wa parokiani, au na marafiki zangu Waislamu, swali la kwanza huwa ni la mapanga na damu. Wana haki ya kuuliza. Lakini kikao kikirefuka huja swali jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi: baada ya Yerusalemu kutekwa, Kanisa la kule lilikuwa la nani? La Papa aliyekuwa Roma, la mfalme aliyekuwa pale pale mjini, au la Wakristo wa Mashariki waliokuwepo karne nyingi kabla ya Mfaranji (Mwanamsalaba wa Ulaya Magharibi) wa kwanza kufika? Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Mengine nimeyajibu kwa sentensi chache, mengine yamenitoka marefu.

Dola za Wanamsalaba zilikuwa zipi?

Zilikuwa nchi nne zilizoundwa na wapiganaji wa Vita vya Msalaba huko Mashariki. Edessa ilianza 1098 na mji wake ukaanguka 1144. Antiokia ilidumu tangu 1098 hadi 1268. Ufalme wa Yerusalemu ulianza 1099 ukaishia katika mji wa bandari wa Akka mwaka 1291. Tripoli (hii ya Lebanon, si ya Libya) ilitekwa 1109 ikapotea 1289. Kupro iliongezeka baada ya 1191, nayo ina habari zake ndefu ambazo sitaziingia hapa.

Je, Papa alikuwa mtawala wa Yerusalemu?

Hapana. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Papa Urbano II ndiye aliyehubiri safari ile pale Clermont, Ufaransa, Novemba 1095, basi nchi iliyotekwa ikawa mali yake. Haikuwa hivyo. Yerusalemu ilitekwa tarehe 15 Julai 1099. Urbano akafariki tarehe 29 mwezi huo huo, habari ya ushindi ikiwa bado njiani. Mwakilishi wake katika msafara, Askofu Adhemar wa Le Puy, alikuwa ameshakufa kwa maradhi huko Antiokia tarehe 1 Agosti 1098. Kwa hiyo siku mabwana wa vita walipoketi kugawana madaraka, hapakuwa na mtu wa kusimama na kusema, "Papa anataka hivi."

Wenyewe walilijua pengo hilo. Septemba 1098 walimwandikia Urbano wakimwomba aje mwenyewe Antiokia, mji ambao Mtume Petro aliketi kabla ya Roma. Hakuja. Tena katika miaka yote ya dola hizo hakuna Papa aliyekanyaga Nchi Takatifu akiwa Papa. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Paulo VI, Januari 1964.

Nguvu ya Papa kule ilikuwa ya aina nyingine. Mimi huifananisha na mahakama ya rufaa: haizunguki kijiji kwa kijiji, haina askari sokoni, ila kila aliyeshindwa kwao anaijua njia ya kuiendea. Ukilishika hilo, mengi katika habari hizi yanafunguka.

Kama si Papa, nani aliwaweka mapatriaki wa kwanza?

Patriaki ni askofu mwenye cheo cha juu kabisa katika Kanisa la mji kama Yerusalemu au Antiokia. Waliwekana wenyewe kwa wenyewe, na ndiyo maana miaka ile ya mwanzo ilikuwa vurugu.

Wiki mbili tu baada ya mji kutekwa, walimchagua padre mmoja wa jeshi, Arnulf wa Chocques. Kabla mwaka haujaisha akaja Daimbert, Askofu Mkuu wa Pisa, akiwa na merikebu za mji wake. Merikebu zilihitajika kuliko hoja za sheria. Arnulf akawekwa kando, Daimbert akaketishwa, na Godfrey, mtawala wa kwanza wa Yerusalemu, akapiga magoti kupokea nchi kutoka mikononi mwa Patriaki. Daimbert alikwenda mbali zaidi: alidai robo ya mji wa Yafa, kisha Yerusalemu yenyewe na Mnara wa Daudi, ngome ya mji.

Godfrey alifariki Julai 1100. Daimbert hakuwepo mjini, na watu wa marehemu wakauwahi ule mnara na kumwita ndugu yake, Baldwin, kutoka Edessa. Siku ya Krismasi mwaka 1100, katika kanisa la Bethlehemu, Daimbert huyo huyo alimvika Baldwin taji la ufalme aliotaka kuumiliki mwenyewe. Miaka miwili baadaye alivuliwa upatriaki, na aliyeongoza kikao cha kumvua alikuwa mjumbe wa Papa, Kardinali Robert.

Sasa tazama jinsi ile mahakama ya rufaa ilivyofanya kazi. Daimbert alipanda chombo hadi Italia, akajieleza mbele ya Papa Paskali II, na Papa akamrudishia kiti chake. Akaanza safari ya kurudi. Alifika Messina, Sisili, na hapo akafa mwaka 1105, kabla ya kuvuka bahari. Wakati huo Yerusalemu ilikuwa na patriaki mwingine, Evremar, padre mcha Mungu asiye na makuu, ambaye naye ilimbidi asafiri hadi Roma kujitetea. Papa akamtuma Gibelin, Askofu Mkuu mzee wa Arles, aende kuamua shauri papo hapo. Gibelin akaamua kwamba Evremar hakuwekwa kihalali, akampa uaskofu mkuu wa Kaisaria ili asitoke mikono mitupu, kisha yeye mwenyewe akachaguliwa kuwa Patriaki mwaka 1108. Hakimu alitumwa kuamua kesi ya kiti, akabaki amekikalia.

Je, Papa aliweza kumgusa mfalme?

Aliweza, na pale ilipomuuma. Mwaka 1113 Baldwin I alimwoa Adelaide wa Sisili, mjane tajiri aliyefika na hazina kubwa. Mfalme alikuwa hoi kifedha. Lakini mke wake wa Kiarmenia alikuwa bado hai; alikuwa amepelekwa utawani tu. Aliyeipitisha ndoa ile ni Arnulf, yule yule wa mwanzo, ambaye tangu 1112 alikuwa amerudi kwenye upatriaki.

Mwaka 1115 mjumbe wa Papa, Askofu Berengar wa Orange, alimvua Arnulf madaraka. Arnulf akakimbilia Roma, na mwaka 1116 Papa Paskali akamrudisha kwa sharti kwamba ndoa ya mfalme ivunjwe. Na ikavunjwa. Adelaide alirudi Sisili mwaka 1117 akiwa ameaibika na mali yake imekwisha kuliwa. Mwanawe, Roger II, hakusahau. William wa Tiro, mwanahistoria mkubwa wa ufalme ule, anaandika kwamba chuki hiyo ya nyumba ya Sisili iligharimu ufalme kwa muda mrefu.

Mimi humwonea huruma Adelaide. Sheria ya ndoa ilifuatwa, ndiyo, lakini aliyelipa ni yeye.

Papa aliwasiliana nao vipi?

Kwa barua na kwa wajumbe. Merikebu zilivuka bahari kwa misimu miwili mikubwa, ya masika na ya kuelekea mwisho wa kiangazi. Wakati wa baridi kali bahari ilifungwa. Watu wa mwambao wetu wanaelewa jambo hili bila kuelezwa: ukikosa kaskazi, unangoja kusi. Barua iliyotoka Akka Septemba ingeweza kujibiwa mwaka uliofuata, na mtu aliyelalamikiwa angekuwa ameshakufa au ameshahamishwa.

Ndiyo maana wajumbe walikuwa na uzito. Mjumbe aliyetumwa na mamlaka kamili aliitisha sinodi, akasikiliza mashahidi, akaweza hata kumvua patriaki. Usimfananishe na balozi wa Papa tunayemwona leo katika miji mikuu yetu, anayepokewa na serikali na kuhudhuria misa za kuwekwa wakfu maaskofu. Huyu wa zamani alikuwa hakimu anayetembea na kesi zake.

Ni kweli Antiokia ilidai kuwa sawa na Roma?

Patriaki mmoja alidai hivyo waziwazi. Aliitwa Ralph wa Domfront, alikuwa na asili ya kijeshi, na aliingia madarakani mwaka 1135 kwa kelele za watu, si kwa uchaguzi wa utaratibu.

Hapa nieleze kitu kimoja. Palio ni ukanda wa sufu nyeupe wenye misalaba, ambao askofu mkuu huuvaa mabegani. Wa Dar es Salaam na wa Nairobi wanauvaa hadi leo. Unatoka kwa Papa, na ndiyo ishara kwamba mamlaka ya askofu mkuu imeungana na ya Roma. Ralph hakungoja. Aliuchukua palio kutoka altare ya kanisa la Mtakatifu Petro pale Antiokia, akajivika. Hoja yake ilikuwa kwamba Petro aliketi Antiokia kwanza, kwa hiyo Antiokia ni dada wa Roma, tena dada mkubwa.

Hoja hiyo haikuwa upuuzi. Matendo ya Mitume yenyewe yanasema ni Antiokia ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Shida ilikuwa kwamba Ralph alikuwa amekosana na kila mtu: wakanoni wake (mapadre wa kanisa kuu), na mtawala Raymond wa Poitiers pia. Baadaye alikwenda Roma, akauvua ule palio na kupokea mwingine kutoka kwa Papa, lakini mashitaka hayakwisha. Karibu na 1140 mjumbe wa Papa, Kardinali Alberic wa Ostia, aliitisha sinodi Antiokia kwenyewe. Ralph aliitwa mara tatu, akakataa kutokea. Akavuliwa madaraka, akafungwa minyororo na kupelekwa kwenye monasteri ya Mtakatifu Simeoni.

Angalia mikono iliyomtoa. Hukumu ilikuwa ya Papa, minyororo ilikuwa ya mtawala. Kila mara mamlaka ya Roma ilipofanya kazi upesi kule, ukichungulia utakuta mkubwa fulani wa hapo hapo aliyetaka jambo lile lile.

Aliyemfuata, Aimery wa Limoges, naye aliuona upande wa pili wa mkono huo. Mtawala mpya, Raynald wa Châtillon, alipokasirishwa naye, alimtoa mzee huyo juu ya ngome wakati wa jua kali akiwa amepakwa asali kichwani, nzi na nyuki wamle. Mfalme Baldwin III wa Yerusalemu ndiye aliyetuma watu haraka kumwokoa. Roma ilikuwa mbali mno kwa jambo la saa chache.

Mzozo wa Tiro ulihusu nini?

Mipaka. Unaonekana mkavu, lakini ulichukua miongo.

Tangu enzi za Wabizanti (watawala Wagiriki wa Konstantinopoli), jimbo kuu la Tiro, mji wa bandari, lilikuwa chini ya Patriaki wa Antiokia. Mji ulipotekwa tarehe 7 Julai 1124, uliangukia ndani ya ufalme wa Yerusalemu. Mfalme hakutaka maaskofu wake wamtii patriaki wa nchi nyingine. Tayari mwaka 1111 Papa Paskali II alikuwa amemwandikia Baldwin I kwamba miji atakayoiteka itakuwa chini ya Kanisa la Yerusalemu. Patriaki Bernard wa Antiokia akalalamika vikali, na Papa akalazimika kuandika tena kueleza kwamba hakukusudia kuipunguzia Antiokia haki zake za kale.

Unaona tatizo: barua mbili, kila upande umeshika yake.

Mwishowe Tiro ikabaki chini ya Yerusalemu, lakini jimbo lenyewe likakatika vipande. Maaskofu wa Akka, Sidoni na Beirut walimtii Askofu Mkuu wa Tiro. Wale wa Tripoli, Tortosa na Jubail, waliokuwa katika nchi ya Tripoli, waliendelea na Antiokia ingawa Papa Inosenti II aliwaamuru warudi kwa Tiro. Waliisoma amri ya Papa, kisha wakatazama ni bwana gani anayetawala mji wao. William, ambaye naye alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Tiro mwaka 1175, aliandika habari hii kwa uchungu wa mtu anayesimulia shamba la urithi lililomegwa.

Kwa nini maaskofu walikosana na mashirika ya kijeshi?

Kwa sababu ya mapapa. Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote, maana ndipo uamuzi wa Roma unapoonekana barabarani.

Haya yalikuwa mashirika ya watawa waliobeba silaha. Watawa wa Hospitali ya Mtakatifu Yohane (Wahospitali) walianza kwa kuwahudumia mahujaji wagonjwa. Tarehe 15 Februari 1113 Papa Paskali II aliwachukua chini ya ulinzi wake na kuwapa haki ya kujichagulia mkuu wao. Mashujaa wa Hekalu walipata utaratibu wao katika sinodi ya Troyes mwaka 1129, na mwaka 1139 Inosenti II akawapa hati ya kuwa na mapadre wao wenyewe. Mwaka 1154 Papa Anastasi IV akawapa Wahospitali haki kama hizo. Mapadre hao hawakuwa chini ya askofu wa mahali. Ardhi waliyoilima wenyewe ilisamehewa zaka.

Sasa jiweke mahali pa askofu. Zaka ndiyo inayoendesha kanisa lako, na kila mwaka mabwana wanayatolea mashirika vijiji zaidi. Umemtenga mtu na Kanisa kwa kosa zito, naye anakwenda kuungama na kuzikwa kwa Wahospitali mtaa wa pili.

Yerusalemu mambo yaliharibika kabisa. Hospitali ilikuwa mbele ya mlango wa Kanisa la Kaburi Takatifu, na Wahospitali walijenga majengo marefu yenye fahari kuliko kanisa lenyewe. Patriaki Fulcher alipotoka kuhubiri, walipiga kengele zao zote kwa pamoja hadi watu wasisikie neno. Alipowalalamikia, siku moja waliingia kanisani na silaha wakarusha mishale. William wa Tiro anasema mishale ile ilikusanywa, ikafungwa matita na kutundikwa mbele ya Kalvari, na kwamba yeye mwenyewe aliiona ikining'inia pale.

Mwaka 1155 Fulcher, mzee ambaye William anasema alikuwa anakaribia miaka mia, alipanda chombo pamoja na maaskofu wake kwenda kwa Papa Adriano IV. Walimfuata Italia mji kwa mji mpaka wakampata. Wahospitali walikuwa wameshatangulia. Kesi ilivutwa siku baada ya siku, na mzee akaona hatapata kitu, akarudi nyumbani kwa aibu. William anadai kwamba zawadi zilikuwa zimepita, na kwamba ni makardinali wawili tu waliosimama na Patriaki. Hayo ni maneno ya upande mmoja, yapokee hivyo. Lakini hata bila hongo, Papa angewezaje kuzichana hati za watangulizi wake, moja ikiwa haijatimiza hata mwaka?

Nafuu kidogo ilikuja mwaka 1179, katika Mtaguso wa Tatu wa Laterano. William alikuwepo, akiwa amesafiri kutoka Tiro pamoja na maaskofu wenzake. Kanuni ya tisa ya mtaguso huo iliyakemea mashirika hayo kwa majina kwa kuvuka mipaka ya haki walizopewa.

Kulipokuwa na mapapa wawili, walimfuata nani?

Baada ya 1159 Aleksanda III na Vikta IV kila mmoja alijiita Papa. Mjumbe wa Aleksanda, Kardinali John, alipofika bandari ya Jubail, hawakumruhusu kuingia mara moja. Maaskofu na wakuu walikutana Nazareti. Mfalme Baldwin III alishauri wasichukue upande: kama kardinali anataka kusali mahali patakatifu, na aje kama hujaji, bila alama za ujumbe, kisha arudi. Sababu zake zilikuwa za kiutu uzima kabisa, ikiwemo gharama ambazo wajumbe huwatwisha makanisa na monasteri. Lakini waliotaka apokewe walishinda, na Aleksanda akatambuliwa. William anaongeza kwamba muda si mrefu wengi waliofurahia kuja kwake walianza kumwona mzigo.

Wakristo wa Mashariki je? Papa aliwatambua?

Inategemea ni akina nani.

Waorthodoksi wa Kigiriki na Wasiria walihesabiwa kuwa Kanisa moja na Walatini, yaani Wakristo wa Magharibi. Linasikika kama jambo jema, lakini matokeo yake yaliwaumiza: kama Kanisa ni moja, basi mji hauwezi kuwa na maaskofu wawili, na aliyebaki na kiti alikuwa Mlatini. Waarmenia na Wayakobo (Wakristo wa Siria wenye Kanisa lao), waliohesabiwa kuwa wamejitenga kwa imani, waliachiwa maaskofu wao. Aliyeitwa ndugu alinyang'anywa, aliyeitwa mpotovu akaachwa na chake.

Mwanzoni Walatini waliwaondoa wote katika Kaburi Takatifu. Kisha ikaja Pasaka ya 1101. Jumamosi Kuu watu walijazana kungojea Moto Mtakatifu, ambao kwa imani yao huwaka kila mwaka kaburini. Haukuwaka. Usiku ukapita, watu wakilia na kuungama. Kesho yake Walatini wakatoka kwa maandamano kwenda kusali kwingine, Wagiriki na Wasiria wakabaki wakiomba, na moto ukaonekana. Uuelewe utakavyo. Baada ya hapo wapadri wa Kigiriki walirudishiwa nafasi katika kanisa lile.

Antiokia ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kaisari wa Konstantinopoli hakuacha kuidai. Mwaka 1165 kaisari huyo, Manueli, alimrudisha patriaki wa Kigiriki, Athanasi, na yule Aimery akahamia ngome ya Qusair. Tarehe 29 Juni 1170 tetemeko la ardhi liliangusha kanisa kuu, Athanasi akafia humo. Na katika vita vya urithi mwanzoni mwa karne ya 13, mtawala Bohemond IV, aliyekuwa ametengwa na Kanisa, aliweka tena patriaki Mgiriki na kumtupa gerezani yule wa Kilatini, Petro wa Angoulême. Alinyimwa maji. Inasimuliwa kwamba kiu ilimfanya anywe mafuta ya taa yake, akafa mwaka 1208. Huyo alikuwa mtu wa Papa Inosenti III, Papa mwenye nguvu kuliko wote wa zama zile.

Wamaroni wa milima ya Lebanon wana habari tofauti. Karibu na 1181 waliungana na Roma kupitia kwa Aimery. William anataja watu zaidi ya 40,000. Patriaki wao, Yeremia, alihudhuria Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215. Muungano huo upo hadi leo.

Papa alisema lolote kuhusu Waislamu waliokuwa chini ya Wafaranji?

Wakulima wengi katika nchi ile walikuwa Waislamu, nao waliwalipa mabwana wa Kifaranji. Sheria ya Kanisa haikuwagusa moja kwa moja ila kwenye jambo moja: ubatizo wa watumwa. Desturi ya ufalme ilikuwa kwamba mtumwa akibatizwa anapata uhuru. Basi mabwana wakawazuia wasibatizwe! Jacques de Vitry, Askofu wa Akka tangu 1216, aliwashitaki kwa hasira kwamba wanawanyima watu wokovu ili wasipoteze vijakazi na watumwa wao.

Mwaka 1237 Papa Gregori IX aliandika kwamba wanaotaka ubatizo kwa moyo wapewe, kwa sharti kwamba wataendelea kuwa watumwa. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nashindwa kuipita haraka. Sisi tunaotoka pwani iliyoona masoko ya watumwa tunajua neno "utumwa" lina uzito gani. Papa aliifungua milango ya kanisa na kuufunga mlango wa uhuru kwa barua ile ile.

Kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 1187 kulibadilisha nini?

Karibu kila kitu. Salahuddin alishinda Hattin tarehe 4 Julai 1187, na Yerusalemu ikasalimu amri tarehe 2 Oktoba. Baada ya Akka kutekwa tena 1191, Patriaki wa Yerusalemu aliishi Akka, katika jimbo la askofu mwingine, bila ardhi zake nyingi za zamani. Ufalme uliishi kwa fedha na wapiganaji waliokusanywa Ulaya kwa wito wa mapapa. Mwenye kushika mfuko ndiye mwenye neno.

Zamani wakanoni wa Kaburi Takatifu walipeleka majina mawili kwa mfalme, naye akachagua moja, kama alivyochaguliwa Heraclius mwaka 1180. Katika karne ya 13 mapapa waliingia moja kwa moja. Alberto, Askofu wa Vercelli, alichaguliwa 1205 kwa msukumo wa Inosenti III na kufanywa pia mjumbe wake. Huyu ndiye aliyewaandikia kanuni ya maisha wale watawa wa Mlima Karmeli. Wafuasi wao tunao leo Kenya, Tanzania na Uganda. Aliuawa kwa kisu Akka, tarehe 14 Septemba 1214, katika maandamano ya sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na mtu ambaye Alberto alikuwa amemvua ukuu wa hospitali moja.

Na wengine walipanda kutoka kule kwenda juu. Jacques Pantaléon, mtoto wa fundi viatu wa Troyes, alikuwa Patriaki wa Yerusalemu tangu 1255. Alikuwa Italia kwa shughuli za Kanisa lake mwaka 1261 makardinali walipomchagua kuwa Papa Urbano IV. Miaka kumi baadaye Teobaldo Visconti alipata habari ya kuchaguliwa kwake kuwa Papa akiwa Akka. Akawa Gregori X.

Kisa cha Kaisari Frederick II kikoje?

Frederick, kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi, alitengwa na Kanisa na Papa Gregori IX mwaka 1227 kwa kuchelewesha safari yake ya msalaba. Akaenda hivyo hivyo. Hakupigana, alizungumza na Sultani al-Kamil wa Misri, na kwa mkataba wa tarehe 18 Februari 1229 akapata Yerusalemu bila vita, Waislamu wakibaki na eneo la Msikiti wa al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Tarehe 18 Machi aliingia Kaburi Takatifu, akalichukua taji kutoka altare na kulivaa mwenyewe. Hakuna askofu aliyemvika.

Kesho yake akafika Askofu Mkuu wa Kaisaria na amri ya Patriaki Gerold: ibada zote zisimamishwe Yerusalemu. Hebu fikiria hujaji aliyengoja maisha yake yote kusali pale, mji umefunguka, na kengele zinanyamazishwa na Patriaki wa mji huo huo. Frederick aliondoka Akka tarehe 1 Mei, na wachinjaji wakamtupia matumbo ya wanyama alipopita mtaani mwao.

Iliishaje?

Akka iliangushwa na Wamamluki, watawala wa Misri, tarehe 18 Mei 1291. Patriaki wa mwisho kukaa pale alikuwa Mdominiko, Nicholas wa Hanapes, aliyewekwa na Papa. Walimpeleka ufukweni, wakampandisha katika mashua ndogo impeleke kwenye merikebu. Watu walikuwa wakiogelea kuifuata, naye aliendelea kuwapokea, mmoja baada ya mwingine, mpaka mashua ikalemewa na kuzama naye.

Baada ya hapo cheo cha Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu kilibaki jina linalotolewa Roma kwa watu ambao hawakwenda kuishi kule. Mwaka 1342 Papa Klementi VI aliwakabidhi Wafransisko utunzaji wa mahali patakatifu. Mwaka 1847 Pio IX alirudisha Patriaki anayeishi Yerusalemu yenyewe. Wa sasa, Pierbattista Pizzaballa, yuko kwenye kiti hicho tangu 2020. Aliteuliwa na Papa moja kwa moja. Majina mawili hayapelekwi tena kwa mfalme yeyote.